Wasichana Wamehama Upande

Mgeni hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa kiwiko, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia mfuko wa nailoni, akaingia hadi katikati ya chumba, akazitazama meza mbili zilizokuwamo, akaichagua ile yenye majalada mengi zaidi.

"Wewe ndiye Kobe?"

Mpelelezi, mwanamke aliyekuwa nyuma ya majalada hayo, aliinua macho. Jina hilo alibandikwa na wenzake alipoanza kazi, kwa kuwa kila walipokimbia yeye alitembea. Hakujua kwamba lilikwisha kuruka ukuta wa kituo. Kwenye meza ya pili konstebo alipaliwa na chai.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikuja kukaa." Akakaa. "Mimi ni mama mkwe wa mwalimu wa muziki. Yule mnayemwita mwizi."

"Hatujamwita mwizi, mama. Tunamchunguza."

"Huko mtaani, mwanangu, kuchunguzwa na kuhukumiwa ni mapacha."

Jalada la mwalimu lilikuwa juu ya mengine yote. Shule ya watoto wasioona ilitaka vicheza muziki na hedifoni ili wanafunzi wasikilize vitabu, ikamtuma mwalimu wa muziki achague vitu imara vya bei ya kuridhisha. Alichagua, akalipia kwa hundi ya shule, akavileta. Hazikupita wiki nyingi hedifoni zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Mlezi wa bweni alipobandua sponji ya moja iliyomchubua mtoto sikio, alikuta chini yake sponji nyingine, kuukuu, nyeusi kwa jasho la mtu mwingine. Shule ilikuwa imeuziwa mitumba ndani ya maboksi mapya.

Mwenye duka, ambaye mji mzima ulimwita Mzee wa Ofa, aliapa kuwa mzigo ulitoka kwake ukiwa umefungwa, na mwalimu aliubeba kwa mikono yake. Kati ya duka na shule hakuwapo mtu mwingine. Bodi ya shule ingekaa kesho yake asubuhi kumfukuza kazi, na akishafukuzwa, jalada lingekwenda mahakamani.

"Sikiliza," mama mkwe alisema. "Mimi na mkwe wangu hatuivi chungu kimoja. Alipokuja kumposa binti yangu nilimuuliza, utamlisha nini, nota? Kwa hiyo sikuja hapa kwa mapenzi. Nimekuja kwa sababu jana nimesikia kitu, na nikikinyamazia kitaniwasha."

Akatoa kwenye mfuko hedifoni mbili, moja mpya kwa kuitazama, nyingine iliyochakaa na kufungwa utepe mweusi shingoni, na kicheza muziki cha vitufe.

"Hii mpya ni ya shule. Mkwe wangu aliileta nyumbani aitengeneze kwa kuwa inakwaruza, moto ukawaka kabla hajaigusa. Hii kuukuu ni yake mwenyewe. Humu ndani kuna wimbo wa kwaya ya wanafunzi wake, aliourekodi yeye kwa maikrofoni mbili. Siku ile nilikuwapo, nimekaa mbele yao. Wasichana walisimama kushoto kwangu, wavulana kulia. Jana nikasema, hebu nami niisikie hedifoni inayotuvunjia nyumba. Nikaivaa. Wasichana wamehama."

"Wamehama?"

"Wako kulia! Nikadhani nimeivaa kinyume. Nikatazama alama: kushoto iko kushoto. Nikavaa ile kuukuu, wasichana wakarudi kwao. Nikavaa mpya, wakahama tena."

"Bibi," konstebo alisema, "hiyo si kesi. Hiyo ni hedifoni mbovu."

"Wewe kunywa chai yako, mjukuu wangu. Inapoa."

Kobe alikwisha kuivaa hedifoni mpya. Alisikiliza hadi mwisho wa ubeti, akaibadilisha kwa ile kuukuu, akasikiliza tena. Akauliza, "Mwalimu anasemaje juu ya hili?"

"Hajui kama nimekuja. Akijua nimemtetea atanitania mpaka kaburini."

Mama mkwe alipoondoka, Kobe alimtuma konstebo stoo ya vielelezo akalete hedifoni zote zilizorudishwa na shule. Walizijaribu mezani kwa wimbo ule ule. Nyingine zilikuwa zimekufa kabisa, nyingine zilikwaruza, lakini kila iliyotoa sauti iliwaweka wasichana kulia.

"Kiwanda kimekosea," konstebo alisema.

"Kiwandani sponji mpya haivishwi juu ya kuukuu. Hizi zimefunguliwa na kufungwa upya hapa hapa, zikawekwa nyaya mpya za ndani. Na kosa ni lile lile katika kila moja. Mkono ni mmoja."

"Mkono wa mwalimu?"

"Mwalimu amerekodi wimbo huu mwenyewe. Angewasikia wasichana wamehama kabla hajashusha hedifoni kichwani."

"Labda aligeuza makusudi."

"Mtu anayetaka mitumba ionekane mpya aongeze kasoro kwa makusudi?"

Konstebo alijikuna kisogo. "Lakini afande, kwa nini watoto wenyewe hawakusema? Wale wana masikio kuliko sisi."

"Walikuwa wakisikiliza vitabu. Msomaji ni mmoja, sauti yake hukaa katikati. Ukigeuza pande, katikati inabaki katikati." Kobe alichukua mkoba wake. "Tunatafuta mtu anayejua kulehemu vizuri, lakini anaweza kuikagua hedifoni nzima na asijue kwamba kushoto kumekuwa kulia. Sijui ni mtu wa namna gani huyo."

*

Duka la Mzee wa Ofa lilijaa vitu vya kumeremeta. Mwenyewe alikuwa mnene, mchangamfu, na neno lililompa jina halikumkauka mdomoni.

"Afande! Leo kuna ofa. Au umekuja kwa yule mwalimu?"

"Nataka kujua alichaguaje."

Mzee wa Ofa alicheka. "Kwa vituko! Nilimpa hedifoni zisizo na waya, za kisasa, akakataa. Eti betri ikimzimikia mtoto katikati ya kitabu, nani atamsomea? Anataka zenye waya, na waya uwe wa kuchomoka ili ukikatika ununuliwe waya tu. Nikampa vicheza muziki vya kioo, akakataa. Mtoto asiyeona atabonyeza kioo kipi? Akachukua vya vitufe, akafumba macho hapo ulipo, akapapasa kitufe kimoja kimoja. Wateja walimcheka."

"Na hedifoni?"

"Alivaa moja akakaa kwenye hilo benchi mpaka nikadhani kalala. Nikamuuliza, mwalimu, unasubiri nini? Akasema, nasubiri masikio yaanze kuuma."

"Yaliuma?"

"Ya ghali yalimuuma. Hizi za bei ya kati hazikumuuma, basi akachukua hizo."

"Alizijaribu kwa wimbo gani?"

"Wa watoto wake. Kila hedifoni, wimbo huo huo. Nusura niukariri."

Kobe aliitikia kwa kichwa polepole. "Mtu makini."

"Mwizi makini ndiye mwizi mbaya, afande." Mzee wa Ofa aliegemea kaunta, akashusha sauti. "Ukitaka kujua nani alizifungua, nenda mtaa wa mafundi. Muulize anayeitwa Mdomo. Mwalimu wako hakauki pale."

*

Mtaa wa mafundi ulikuwa uchochoro mrefu wenye vibanda pande zote mbili, moshi wa lehemu na redio zinazoshindana. Kobe alikuwa amevaa kiraia. Alichukua hedifoni moja ya kielelezo iliyokuwa bado nzima, akaenda nayo kama mteja.

Mdomo alikuwa wa kwanza, na hakuhitaji kuoneshwa. Alikuwa akimsema mteja mmoja, akimjibu mwingine na kumzodoa jirani, yote kwa pumzi moja.

"Fundi," Kobe alimwambia, "kuna mtu ananiuzia hii mkononi. Nishauri. Ni ya thamani yake?"

"Umefanya la maana kuuliza, dada. Watu hununua hedifoni kwa macho, kama vile watazitazama." Akaipokea, akaupindapinda waya karibu na pini. "Hapa ndipo zinapofia. Ukipinda hapa sauti ikikatika, rudisha. Ya pili, usiongeze sauti, punguza. Makelele kila spika inaweza. Nzuri ni ile inayosikika hata ikinong'ona. Na bei kubwa isikutishe wala isikutongoze, nyingine unalipia jina tu."

Kila fundi wa mtaa ule alikuwa na wimbo wake wa kupimia, wimbo aliousikia mara nyingi hata akaujua kama njia ya kwenda kwao. Mdomo aliuweka wake, akavaa hedifoni masikio yote mawili. Mara akakunja uso.

"Hee! Hii imegeuzwa. Gitaa hili kwao kushoto. Nani kaifunga, mlevi?"

Kobe alimtazama. Mtu aliyeifunga hedifoni ile asingeweza kusema hivyo, na kwa haraka ile. "Kuna mwalimu wa muziki huja kwako?"

"Yule? Namfungia hedifoni yake kuukuu. Kila siku namwambia, mwalimu, izike hii. Ananijibu, kinachotengenezeka hakijafa. Nikamwacha. Ni mteja mzuri wa utepe."

Mzee wa Ofa alikuwa amesema kweli: mwalimu hakukauka pale. Ila kweli hiyo ilikuwa ya kumpotezea mtu siku.

Kobe aliendelea na uchochoro, kibanda hadi kibanda. Swali lilikuwa lile lile, na kila fundi alifanya yale yale: wimbo wake, hedifoni kichwani, masikio mawili, uso kukunjamana. Mmoja alicheka. Mwingine alitaka kumrekebishia hapo hapo bure.

Kibanda cha mwisho kilikuwa cha fundi mmoja mpole, aliyekaa ubavu wake wa kulia ukigusa ukuta. Kobe alifika kwa nyuma upande wa ukuta, akasalimu. Fundi hakugeuka. Alisalimu tena. Kimya. Alipozunguka akasimama mbele yake, fundi alishtuka, akatabasamu kwa aibu.

"Karibu, dada. Niwie radhi, nilizama kwenye kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Kwenye bati la nyaya za redio iliyofunguliwa mezani, kila tone la lehemu lilikuwa dogo na la mviringo kama punje ya mtama.

Kobe alimpa hedifoni na swali. Fundi aliweka wimbo wake. Hakuivaa. Alishika spika moja akaiweka kwenye sikio la kushoto, akafumba macho, akasikiliza. Kisha akaigeuza hedifoni, akaiweka spika ya pili kwenye sikio lile lile la kushoto.

"Nzuri," alisema. "Zote mbili zinaongea."

"Mbona huvai?"

"Nimezoea hivi."

"Gitaa liko upande gani?"

"Gitaa?" Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa chumvi ina rangi gani gizani. "Lipo. Nimelisikia."

Kobe alivuta kigoda akakaa. Alitoa mkobani hedifoni ya pili, moja ya zile zilizokufa, sponji zake zikiwa zimebanduliwa na nyaya kuonekana. Aliiweka mezani, kando ya lile bati. Matone ya lehemu yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Mimi ni askari," alisema kwa upole. "Kazi hii ni ya nani?"

Fundi alizima pasi yake ya lehemu kwanza. Kisha akasema, "Ni yangu."

Alieleza bila kuzunguka. Mzee wa Ofa alimletea magunia ya hedifoni za mitumba na nyaya mpya, akamtaka azifunge upya na kuzivisha sponji. Alisema atazitangaza kuwa zimetumika, kwa wanafunzi wasio na uwezo. Siku ya kuzirudisha, fundi alimsaidia kuzipanga stoo ya nyuma, akaona hedifoni mpya zimetolewa kwenye maboksi yake na kurundikwa nyuma ya feni mbovu.

"Sikuuliza," alisema. "Hapo ndipo nilipokosea. Nilisikia baadaye habari za watoto, nikajiambia labda si zile."

"Nyaya ulizigeuza pande."

"Haiwezekani. Nilijaribu kila moja."

"Ulijaribu kwa sikio moja."

Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye sikio la kulia, ukakaa hapo.

"Rangi za nyaya zile hazikuwa zile tulizozoea," alisema hatimaye. "Nilikisia. Nikasikiliza huku, nikasikiliza huku, zote zikaongea. Nikajua nimekisia sawa." Akashusha mkono. "Lilikufa utotoni, kwa homa. Dada, mimi sikuwahi kujua kwamba gitaa lina upande."

Kobe aliirudisha ile hedifoni iliyokufa mkobani.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe. Hata mke wangu hajui. Akiniita upande huu nisipojibu, anasema ameolewa na jeuri. Nimeacha aseme. Yeye hana siri, moyo wake mweupe, kila kilichomo kinaonekana. Na mtaa huu watu wananiletea redio zao kwa kuliamini sikio langu. Wakijua ni moja, wataanza kuzisikia kasoro hata mahali ambapo hazipo." Alimtazama Kobe usoni. "Nasikia bodi ya shule inakaa kesho. Nitakuja mbele yake. Nitasema yote, magunia, stoo, na upumbavu wangu wa kutouliza. Sitaki unifiche. Ila hili la sikio, nakuomba."

"Si sikio lako lililowaibia watoto. Sitalitaja."

"Watakuuliza umenipataje."

"Waache waulize."

"Usiahidi haraka, afande."

"Hujasikia wananiitaje. Kobe hana haraka," alisema, akasimama. "Nimekuahidi."

Jioni hiyo, kwa maelezo ya fundi, ilipatikana hati ya upekuzi. Nyuma ya feni mbovu za Mzee wa Ofa zilikutwa hedifoni mpya, na namba zake zililingana na namba za maboksi yaliyokuwa shuleni.

*

Bodi ilikaa kwenye chumba cha walimu. Mwalimu wa muziki, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri kupita kiasi, alikaa peke yake mbele. Nyuma alikuwa mkewe, na mama mkwe aliyemwambia kila aliyemuuliza kwamba amemsindikiza binti tu. Mke wa fundi alisimama mlangoni. Mkuu wa upelelezi alikuja pia. Kilikuwa kinaanzishwa kitengo kipya cha bidhaa bandia, na ilikuwa siri ya kila mtu kwamba kiti cha mkuu wake kinamngoja Kobe. Mkuu alitaka kumwona akifanya kazi.

Fundi alisema yote. Alipomaliza, Mzee wa Ofa, aliyeitwa kujitetea, aliruka kitini.

"Mwenyekiti, mtaa ule una mafundi tele. Huyu askari alijuaje ni huyu? Alimfuata moja kwa moja kwa sababu alikwisha kumpanga! Fundi kanunuliwa, na hizo hedifoni stoo kwangu nani anajua kaziweka nani!"

Minong'ono ilipita chumbani. Mwenyekiti alivua miwani. "Afande, swali hilo ni la haki. Ulimjuaje?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mwalimu alimgeukia Kobe. Kazi yake, jina lake na mkate wa nyumba yake vilikuwa vimening'inia kwenye jibu hilo.

"Nilimpata kwa kwenda kibanda hadi kibanda," Kobe alisema. "Zaidi ya hapo sitasema."

"Husemi!" Mzee wa Ofa alipiga kofi. "Mmesikia wenyewe."

"Lakini mwenyekiti, naomba usiangalie njia niliyomfikia. Angalia alikotufikisha. Jana mchana alisema hedifoni mpya ziko nyuma ya feni mbovu, kwenye stoo ambayo ufunguo wake uko kwenye mkanda wa mwenye duka. Uko hapo hata sasa. Kufuli halikuvunjwa, tulifunguliwa na yeye mwenyewe. Kama mimi ndiye niliyeziweka, nilipitia wapi?"

Macho yote yalishuka kwenye kiuno cha Mzee wa Ofa. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuufunika ufunguo.

Mwenyekiti hakuchelewa. Mwalimu aliachiwa kazi yake kabla viti havijapoa. Mama mkwe alimpita akielekea nje, akamwambia, "Shati limekupendeza," akaenda zake kabla hajajibiwa.

Mkuu wa upelelezi alimsubiri Kobe kwenye varanda.

"Umewashinda. Sasa mimi niambie. Ulijuaje?"

"Siwezi, afande."

"Huwezi, au hutaki?"

"Naweza. Nimeahidi nisiseme."

Mkuu aliitazama bustani ya shule. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa na furaha. "Kitengo kile kitakuwa na vijana wapya. Nahitaji kiongozi ambaye njia yake inaonekana, waifuate. Jalada lako lina mwanzo na mwisho, katikati kuna shimo. Nikikupeleka wewe, kila wakili atalichungulia. Lizibe leo, kiti ni chako."

"Kuna mtu ameniomba nisilizibe, afande."

"Basi nitampa mwingine."

"Sawa, afande."

Alipiga saluti. Mkuu alisita kidogo, kana kwamba anampa nafasi ya mwisho, kisha akaenda kwenye gari lake.

Langoni fundi alikuwa amesimama na mkewe, ambaye alikuwa akimkung'uta vumbi begani na kumfokea kwa raha. "Mwenyekiti kakushukuru mara mbili hujaitikia hata moja! Jeuri wewe mpaka mbele za watu?"

"Nisamehe, mke wangu. Ndivyo nilivyo."

Kobe alikuwa anakuja kwa upande wa kulia. Alipunguza mwendo, akazunguka nyuma yao wote wawili, akatokea kushoto kwa fundi, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida, "Kwaheri, fundi."

Fundi aligeuka papo hapo. "Kwaheri, afande."

"Unaona!" mkewe alisema. "Wenzangu unawasikia."